Nimelitumia neno "kakakuona" msimu mzima wa michango: nyota 4 kati ya 5

Wanyama wetu wa masihara wamechoka jamani. Fisi anabebeshwa walafi na wakware wote wa nchi hii, kinyonga hajapumzika tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, na chawa ndiyo kabisa: siku hizi mtu anajiita chawa mwenyewe na kutembea kifua mbele. Mimi nimehamia kwa kakakuona na sina mpango wa kurudi.

Nieleze nimelitumia wapi. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi, na aliyewahi kuishika kazi hiyo ameshanielewa. Mtu kaahidi laki mbili mbele ya wajumbe, kapigiwa makofi na vigelegele. Siku zikikaribia, ujumbe kasoma, jibu hakuna. Simu inaita mpaka inakata. Ukimwita "mdaiwa sugu" unasikika kama tangazo la gazetini, na yeye wala hashtuki.

Sasa mwangalie kakakuona. Akihisi hatari hakimbii wala hang'ati, maana hata meno hana. Anaficha kichwa tumboni, anajizungushia mkia, anabaki donge la magamba. Simba anamviringisha, anamlamba, anajaribu jino hapa na pale, mwisho anaondoka na njaa yake. Halafu hutoka usiku, kwa hiyo kumwona tu ni bahati. Kama huyo siyo mtu wa ahadi ya laki mbili, basi sijui ni nani.

Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ndugu wanakamati, humu ndani tuna kakakuona watatu. Tunaomba wajikunjue kabla ya Ijumaa." Vicheko! Wawili walituma hela kabla ya usiku, na hakuna aliyewataja. Wa tatu akauliza, "Kwani kakakuona ndiyo nini?" Kundi zima likamjua.

Uzuri mwingine, neno linakuja na kitenzi chake. "Naona umejikunja, shemeji." "Jikunjue kidogo, mjomba." Unadai deni na heshima iko palepale.

Kasoro zipo. Kwa hasira za ghafla halifai, ni refu mno. Konda akikupunja chenji, ukifika silabi ya tano daladala imeshahamia kituo cha mbele. Tena lisemwe kwa mkazo wa neno moja. Kuna shemeji nilimwambia ana kwa ana, akasikia "kaka, kuona", akanijibu kwa bashasha, "Na mimi nimefurahi kukuona, dada." Mchango wake mpaka leo kimya.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mjomba wangu. Kasikia, kanuna. Kwao kakakuona akitokea kijijini hachekwi: anawekewa maji, nafaka na silaha, kisha wazee wanatazama anaendea kipi, wajue mwaka utakuwa wa mvua, wa mavuno au wa vita. "Mnyama wa kuwaambia watu mwaka wao, wewe unamfananisha na mtu aliyekimbia mchango?" Sikuwa na jibu. Akaongeza kwamba mnyama mwenyewe anamalizwa na majangili kwa ajili ya magamba hayohayo, na hapo pia hakukosea. Mwaka 2016 nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote 8, lakini magendo hayajakoma. Kujikunja kunamshinda simba, ila binadamu anainama tu, anamwokota, anamtia guniani.

Hilo la kuokota ndilo lililonipa akili. Yule wa tatu nilimfuata kwake Jumapili asubuhi na wajumbe wenzangu, tukamkuta na kikombe cha chai mkononi, hana pa kuingiza kichwa. Alitoa nusu palepale. Nusu nyingine alisema ataleta kreti za soda, na harusi imepita tukiwa tunakunywa maji.