Uzoefu wangu na dawa ya lenzi yenye kisahani cha platini

Navaa lenzi za macho tangu mwaka wa pili chuoni, na miaka yote nilikuwa nazilaza kwenye yale maji ya kawaida ya dukani ya kutunzia lenzi. Kila jioni macho yananiwasha. Miezi minne iliyopita nikahamia dawa ya haidrojeni peroksaidi, asilimia 3, na muwasho umepungua kweli. Nguvu yake ni sawa na ile ya kuoshea vidonda, lakini usije ukaichukua hiyo ya vidonda ukaitia lenzi. Haikutengenezwa kwa macho.

Kilichonivutia ni chombo chake. Lenzi zinakaa kwenye vikapu viwili vinavyoning'inia kifunikoni, na chini yake kuna kisahani cha plastiki kilichopakwa platini. Ukitumbukiza tu, mapovu yanapanda. Ukisogeza sikio unasikia yanavyochirizika. Platini ndiyo kichocheo: peroksaidi ikigusa uso wake inavunjika kuwa maji na oksijeni, kisha inaipisha nyingine. Platini yenyewe hailiki. Bila kisahani, dawa ingelala usiku kucha na asubuhi bado ni kali vile vile.

Zile fujo za mwanzo zisikudanganye. Dakika chache za kwanza ndizo zenye kishindo; peroksaidi ikishapungua, kasi nayo inashuka, na kilichobaki kinaisha polepole. Ndiyo maana wanasema subiri kwa muda wa saa 6. Na kifuniko kina tundu kwa sababu: mililita 10 za dawa hutoa karibu mililita 100 za oksijeni. Hewa hiyo lazima itoke.

Wiki ya pili nilijichoma mwenyewe. Asubuhi, usingizi haujaisha, lenzi ikaniponyoka sinki, nikaisuuza kwa kuiminyia dawa mbichi kutoka chupani kama nilivyozoea, nikaivaa. Ncha ya chupa ni nyekundu, onyo lenyewe hilo! Ilikuwa kama nimepakwa pilipili. Jicho likajifunga, nikahangaika kuitoa lenzi, na wekundu ulikaa mpaka jioni.

Lawama yangu nyingine ni kwa duka lililoniuzia chupa ya pili bila chombo, eti nitumie cha zamani. Maelekezo yanasema kila chupa mpya na chombo kipya. Nilirudi nacho mkononi, wakanitafutia kingine chini ya kaunta.