sed kwenye skripti za bildi: nyota nne kati ya tano

Kama kazi yako ni kubadilisha namba ya vesheni au anwani ya databesi kwenye faili la konfigi kila ukipiga bildi (kuijenga programu kutoka kwenye kodi), kwangu sed, programu ya kuhariri maandishi kwa amri, bado ndo chaguo la kwanza. Lee McMahon aliianza pale Bell Labs mwaka 1973 hivi na mpaka leo unaikuta karibu kila mashine ya Linux, hudaunlodi kitu, mstari mmoja tu na kazi imeisha:

sed -i.bak 's/^version=.*/version=2.4.1/' app.properties

Hiyo alama ya ^ usiidharau jamani, inaibana regeksi (ule mchoro wa kutafutia maandishi) ianzie mwanzo wa mstari, maana ukiitoa hata minimum_version=1.0 iliyokaa hapo chini nayo inageuka 2.4.1 na wala hutaambiwa. Nukta nayo ni herufi yoyote ile, ukitafuta 1.2.3 hata 10203 inapita, kwa hiyo andika 1\.2\.3. Na hiyo .bak niliyoigandisha kwenye -i (inayobadilisha faili lenyewe) ina sababu yake, sed ya Mac na ya Linux hazielewani kwenye -i tupu, ukiandika hivi zote mbili zinakubali na bakapu unapata.

Ukiwa na anwani za wavuti tumia s|...|...| badala ya mikwaju (/), utasoma vizuri zaidi. Ila chunga alama ya & upande wa kubadilishia, sed inaibandika pale maandishi yote iliyoyakamata, sasa fikiria paswedi yenye & ndani yake, inaharibika kimyakimya, lazima uandike \&.

Nyota moja nainyima kwa sababu hii, na inaniuma kweli: regeksi isipokamata chochote sed inarudisha 0, yaani msimbo wa kufaulu, kama vile mambo safi, bildi inakuwa ya kijani, konfigi ya zamani inaenda hadi prodakisheni, kwa watumiaji wenyewe. Mtu kaongeza nafasi tu kabla ya alama ya =, basi. Dawa yake weka grep, amri ya kutafuta mstari ndani ya faili, papo hapo chini, bildi isimame kama mstari haupo:

grep -q '^version=2\.4\.1$' app.properties || exit 1

Kwa mafaili ya key=value sina shida nayo kabisa. Mafaili ya JSON hapana, chukua jq, na ya YAML chukua yq, zana zinazoelewa muundo wa mafaili hayo, kwa sababu port: inaweza kuwepo sehemu mbili chini ya huduma tofauti na sed haijui ipi ni ya nani, inazibadilisha zote.