Nyumba ya kijijini Mafia kupitia madalali wa Dar: nyumba safi, huduma nusu

Nauza bati, saruji na nondo hapa Majengo, Dodoma, kwa hiyo nyumba naikagua kwa jicho la duka. Hii niliyonunua Mafia, kwenye kijiji cha wavuvi kaskazini mwa kisiwa, niliipata kupitia ofisi moja ya madalali ya Dar es Salaam. Jina lao nalihifadhi. Nyumba naisifu. Wao nina maneno nao.

Ni nyumba ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na udongo, lipu ya chokaa, nene hadi dirishani unakaa na kikombe chako cha chai. Saa nane mchana ndani kuna ubaridi ambao nyumba yangu ya tofali kule Kisasa haijawahi kuujua. Boriti za mikoko nilizigonga moja moja, zote zinalia vizuri. Makuti ya paa yamechoka, hilo dogo.

Kasoro ni chumba cha nyuma, kilichoongezwa kwa tofali za saruji. Linta, yaani boriti ya zege ya juu ya mlango na dirisha, ina ufa wa urefu mzima. Nilichokonoa kwa ufunguo, kutu ikatoka magamba magamba. Nondo ikishikwa na kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani, na hapo hakuna fundi wa kukuokoa kwa kuziba juu juu. Uani palikuwa na lundo la mchanga wa fundi, nikachukua kidogo nikalamba: chumvi tupu, waliuchota ufukweni, na chumvi ndiyo inayoitia nondo kutu. Dalali akacheka, "Mama, unakula mchanga?" Nikamwambia bei ishuke, na ikashuka. Chumba hicho ni cha kubomoa.

Sasa huduma. Kwenye simu waliniapia kwamba eneo "lina hati". Sisi wa Dodoma tumezoea viwanja vilivyopimwa, kitalu na namba ya kiwanja, ukisikia hati unapumua. Karatasi yenyewe kumbe ni mkataba wa mauziano wenye saini ya mjumbe, basi. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, ya 1999, na mtu wa nje hauziwi kimyakimya: Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoridhia, na hati yake ni ya hakimiliki ya kimila. Dalali hakuwahi hata kukanyaga ofisi ya kijiji. Nilikwenda mwenyewe. Mwenyekiti hakuniuliza habari ya hela. Aliuliza, "Mama, unakuja kukaa au unakuja kufunga kufuli?" Nikajieleza, ombi likapelekwa kikaoni, na pesa ya mwenye nyumba nikaibana mpaka jibu litoke.

Halafu kuna minazi. Kwenye picha walizonitumia, minazi ya uani ilihesabiwa kama sehemu ya mali. Baada ya kikao akaja bibi mmoja, nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu. Nyumba umenunua, minazi ya kwangu." Na ni kweli. Mafia mnazi unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye nyumba, na majirani wote wanajua nani anaangua upi. Swali moja tu kwa jirani lingetosha, dalali hakuliuliza. Tumepatana: nazi zake, madafu nikiwepo nakunywa, makuti tunagawana. Bibi huyu sasa ndiye anayeniangalizia nyumba, kwa hiyo silalamiki sana.

Uongo wao mmoja ulinifaa. Tangazo lilisema "hatua kumi kutoka baharini". Nilipima kwa futi kamba, ni zaidi ya mita 60, na ndivyo ninavyotaka, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi wa kudumu ndani ya mita hizo. Ingekuwa kweli hatua kumi, nisingenunua.

Safari nayo waliipamba. Treni ya SGR hadi Dar ni raha, lakini kisha ni basi la Mbagala hadi Nyamisati, boti hadi Kilindoni, halafu bodaboda. Mwenye hela apande ndege. Maji ya kisima yana chumvi kidogo, ila aliyekunywa ya visima vya Dodoma hashtuki.

Nyumba naipa nyota nne kati ya tano. Madalali mbili, na hizo ni kwa sababu simu walipokea kila nilipopiga. Asilimia kumi yao nimewalipa yote, muhuri wa kijiji ulipogongwa na si kabla. Walinuna.