Rula ya pointi na milimita: ya plastiki imeishinda ya chuma

Hapa Kariakoo kazi inayonijia sana ni ya mteja aliyeshika kitabu cha risiti cha zamani: faili halipo, aliyekichapa kahama, naye anataka kingine kama hicho hicho. Kompyuta haina la kukusaidia mpaka upime karatasi. Ninazo rula mbili za wachapaji, moja ya chuma niliyoinunua mtumba, nyingine ya plastiki angavu aliyoniletea binamu yangu kutoka Uingereza.

Ya plastiki ndiyo ninayoisifia. Ukingo mmoja una milimita, wa pili una pointi na paika, vipimo vya wachapaji (paika moja ni pointi 12), na katikati kuna safu za mistari yenye nafasi za pointi 8, 9, 10 na kuendelea. Unailaza juu ya maandishi, unahamisha safu hadi safu mpaka mistari yake ilingane na ya kwenye karatasi, basi jibu umelipata. Ikilingana safu ya 14, ninahakikisha kwa milimita. Pointi ya kompyuta ni 1/72 ya inchi, yaani milimita 0.353, kwa hiyo kutoka mstari wa kwanza hadi wa 11 ni pointi 140, au milimita 49.4.

Rula hiyo ina pia herufi E za ukubwa mbalimbali za kupimia fonti, ila usiziamini sana. Namba ya fonti haipimi urefu wa herufi yenyewe. Chukua fonti mbili za 12, uone E zao zinavyopishana.

Kasoro nyingine: alama zimechapwa upande wa juu, kwa hiyo usipoangalia wima unasoma uongo. Spiriti inazifuta. Na usiiache kwenye gari juani.

Ya chuma haipindi, na namba zake zimechongwa. Tatizo ni umri. Imefuata pointi ya Marekani iliyokubaliwa 1886, milimita 0.3515, ndogo kidogo kuliko ya kompyuta. Kwenye neno moja huoni tofauti. Kwenye urefu wa A4 inakusomea pointi 845 wakati programu inasema 842. Hiyo ni zaidi ya milimita moja, na kwenye fomu ya visanduku inatosha kuharibu kazi nzima. Ukikuta ya mtumba, pima paika 60 kabla hujatoa hela: zikifika milimita 254 ni ya sasa, zikiishia 253 ni ya zamani. Zile za Ulaya zenye sisero, kipimo cha kule kinachoshika nafasi ya paika, ziache kabisa, sisero moja ni milimita 4.51 wakati paika ni 4.23.

Kama kazi zako huanzia na kuishia kwenye skrini, huhitaji yoyote. Scribus, programu ya kupanga kurasa, ni ya bure, na ukiandika 10mm kwenye kisanduku cha pointi inabadilisha yenyewe.

Ya chuma nimempa kijana wa mashine ya kukatia. Anatumia milimita tu. Upande wa paika nimeubandika selotepu nyeusi.