Aigues-Mortes: mji nimeupenda, mwongoza watalii wetu hapana

Nilisema niache hasira ipoe ndiyo niandike. Haijapoa.

Mwanzoni mwa majira ya joto mama alikuja kunitembelea Ufaransa kutoka Bukoba. Mama ni mzee wa kanisa, magoti yanamsumbua, na Paris hakuitaka kabisa. Alitaka kwenda Aigues-Mortes, mji wa kusini mwa Ufaransa, kuona mnara wa Constance, alimofungwa Marie Durand, mwanamke Mprotestanti wa zamani aliyefungwa kwa ajili ya imani yake. Tukapanda treni kutoka Nîmes, tukashuka, na ukuta ukawa huo mbele yetu, umeuzunguka mji wote. Nilishalipia matembezi ya kuongozwa, sisi wawili na wenzetu wengine.

Yule kijana alianza vizuri, simnyimi haki yake. Alieleza kwamba jina la mji maana yake ni maji mafu, kwa sababu ya vinamasi vinavyouzunguka. Mfalme Louis wa 9 alitaka bandari yake mwenyewe kwenye Mediterania, akaondokea hapa kwenda vita vya msalaba mwaka 1248, na tena 1270, safari aliyofia Tunis. Kuta zikaja kukamilishwa na mwanawe na mjukuu wake. Leo bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapo.

Tukafika mlangoni mwa mnara. Akamtazama mama miguuni, akanigeukia mimi: "Bibi abaki chini, atatuchelewesha." Mama mwenyewe hakumsemesha. Kifaransa hajui, lakini alielewa. "Nenda, mwanangu, utanisimulia." Akaketi kwenye jiwe, mkoba mapajani.

Nilimjia juu yule kijana mpaka watu wakageuka. Akaangalia saa yake, akapanda na kundi. Hazikupita dakika kumi wameshashuka. Dakika kumi, kwa mwanamke aliyekaa humo miaka 38!

Wakaenda zao, nasi tukapanda. Ngazi zinazunguka, mama mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwangu, hatua tatu, pumzika. Chumba cha juu ni cha duara, kina ubaridi hata nje jua likiwaka. Katikati ya sakafu kuna tundu lenye ukingo wa jiwe, na kwenye ukingo pamechongwa neno moja la Kifaransa, herufi zimepinda, tahajia si ya shuleni, maana yake kutokubali kushindwa. Wanasema ni mkono wake Marie. Aliingia gerezani 1730, kaka yake akiwa mchungaji wa Waprotestanti. Kaka akanyongwa 1732. Yeye alitoka 1768, na muda wote huo angesema tu kwamba ameikana imani yake, wangemfungulia. Mama aliinama juu ya lile neno muda mrefu. Sikumharakisha.

Nilikuwa nimeshaamua kuupa mji huu nyota moja. Lakini mji umekosa nini? Kutoka juu ya ukuta unayaona mabwawa ya chumvi, maji ya rangi ya waridi, na heroe wamesimama kwa mbali. Kuna mkate mtamu wa huko, fougasse, wenye maji ya maua ya mchungwa. Mama alikula vipande vitatu. Nyota tano, basi.

Ila nikikumbuka jinsi yule kijana alivyosifia chumvi, moto unawaka upya. Mwaka 1893 vibarua wa Kiitaliano waliokuja kuvuna chumvi hiyo walikimbizwa na kuuawa mjini hapa, na walioshtakiwa wakaachiwa wote. Hakutaja hata neno. Mimi ni mgeni nchini hapa, naishi kwa kazi ya mikono yangu. Hilo ndilo nililotaka kusikia.

Nendeni, lakini nendeni wenyewe, na mkiwa na mzee mtenge siku nzima.

Niliwaandikia wenye matembezi. Wamejibu kwamba wananipa punguzo safari ijayo. Mama amesharudi Bukoba, na hakuhitaji punguzo. Alitaka kusalimiwa.