Keji ya paka yenye mlango wa juu: kwa gari na kwa dokta iko poa, ile stika ya ndege isahau

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Hii keji ni nzuri, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima ni sababu ya sakafu na mpini, nitafika huko. Kama una paka au kambwa kadogo na safari zako ni za gari au za kwenda kwa dokta wa mifugo, nunua hii achana na yale mabegi ya mgongoni yenye kidirisha cha duara cha plastiki, yale yanapendeza kwenye picha ila ndani hewa ni ya kubahatisha na mnyama hawezi hata kujinyoosha.

Ni keji ya plastiki ngumu, vipande viwili, cha chini na cha juu, vinakutana katikati vinakazwa kwa nati na bolti. Mbele kuna mlango wa waya wa chuma alafu juu kwenye paa kuna mlango mwingine, na huo wa juu ndo ulionifanya niandike yote haya. Paka asiyetaka safari ukimsukuma kwa mlango wa mbele anatanua miguu yote minne anashika fremu, wenye paka mnanielewa, mnabaki mnavutana mpaka mtu anatoka na mikwaruzo na paka ndo kwanza kapata hasira. Kwa juu unamshika kifuani kwa mkono mmoja, mwingine unabeba miguu ya nyuma, unamshusha huku matako yakitangulia, haoni anakopelekwa, akija kushtuka yumo ndani na mlango umefungwa.

Kwa dokta ndo utaipenda zaidi. Unalegeza nati, unanyanyua kipande chote cha juu, paka anabaki kakaa kwenye kipande cha chini juu ya kitaulo chake chenye harufu ya nyumbani, dokta anampima joto, anamshika tumbo, anamchoma sindano hapohapo, hamna kumvuta wala kuinamisha keji adondoke kama viazi kwenye gunia. Paka wangu, dume moja zito linaitwa Chui, alikua akifika kule anapiga kelele mpaka watu wa mapokezi wanatoka kuangalia, saivi ananuna tu.

Sasa mlango wa mbele, huu uangalie kwa makini kabla hujalipa. Kuna kitufe unakibana kwa vidole viwili, ukikibana vile vichuma viwili, cha juu na cha chini, vinaingia ndani, ukiachia vinatoka vinazama kwenye matundu yake. Kwenye hii vinazama vizuri, unasikia "ta!" lakini nimewahi kushika za aina nyingine dukani ambazo kichuma kinaingia kidogo tu nchani, hapo paka akisukuma kwa kichwa mara mbili tatu mlango unachomoka. Fanya hivi, funga alafu sukuma kwa ndani na kiganja, tena usione aibu muuzaji akikuangalia. Mimi hata na hii bado nafunga kamba ndogo ya plastiki kwenye kona ya mlango nikienda mbali, na mkasi mdogo nauweka kwenye begi.

Haya, sakafu. Sakafu ni plastiki tupu tena inateleza, gari ikifunga breki mnyama anaserereka mpaka ukutani, na mnyama anayeserereka ndo huyo anayetapika na kulia njia nzima. Hawakuweka hata kamkeka. Kata kipande cha mpira kama ule wa kuzuia kapeti kuteleza, juu yake weka ile pampasi ya kutandika, juu kabisa taulo alilolilalia nyumbani, na usilifue kwanza maana hiyo harufu ndo inayomtuliza. Beba taulo na pampasi za akiba kwenye mfuko pembeni.

Mpini nao mmh. Uko katikati ya paa, karibu kabisa na ule mlango wa juu, na uzito wote unaning'inia pale. Kwa paka wa kilo tatu sawa, kwa Chui naona kabisa plastiki inajipinda nikinyanyua. Mimi naibeba kwa kuikumbatia chini kwa mikono miwili, na hii ni bora hata kwa paka mwenyewe maana haiyumbi.

Kwenye gari watu wengi wanaiweka siti ya mbele ili wamuone mnyama wao, jamani hapana, ule mfuko wa hewa ukifumuka kwenye ajali unaipiga keji na kila kilichomo. Keji ndogo inakaa chini, nyuma ya siti ya dereva au ya abiria, imebanwa isisogee. Na usiamini kwamba ukipitisha mkanda wa siti juu ya keji basi ishakua salama, kama haikutengenezwa kwa ajili ya huo mkanda, mkanda wenyewe unaweza kuipasua kwenye ajali. Hii yangu haikutengenezwa kwa hilo na hamna popote kwenye boksi wanaposema ilipimwa kwa ajali, angalau hapo hawajadanganya. Kuna shirika la Marekani linaitwa Center for Pet Safety, wao 2013 walishirikiana na kampuni ya magari ya Subaru wakapima hanisi za mbwa (ile mikanda ya kumvalisha mnyama kifuani) kwa midoli ya mbwa kwenye mitambo ya ajali na nyingi zilifeli, 2015 wakapima na keji. Kwahiyo ukiona mtu anaandika tu "salama kwa gari" muulize ilipimwa na nani.

Joto. Hapa siongei sana maana kila mtu anajua ila kila mtu anasema "naingia mara moja tu natoka". Nje ikiwa nyuzi 21 tu, hali ya hewa safi kabisa, ndani ya gari lililofungwa ndani ya dakika 10 inafika kama 31 hivi na nusu saa ni 40. Kufungua dirisha kidogo hakusaidii kitu. Mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na wale wa pua fupi, bulldog na pug na wenzao, hata kuhema kwenyewe kwa shida. Paka ukiona anahema mdomo wazi humo ndani simamisha gari, hiyo sio kawaida yake.

Sasa kwenye ile stika. Keji imebandikwa stika kubwa kwamba imeidhinishwa kwa ndege, na hii inaniudhi kweli. IATA, chama cha mashirika ya ndege, ndo kinatoa kanuni za kusafirisha wanyama hai ila hakiidhinishi keji ya mtu wala kampuni yoyote, kinasema tu keji iweje, mwenye neno la mwisho ni shirika unalopanda nalo. Na hizi za mlango wa juu kuna mashirika hayazitaki kabisa kwenye sehemu ya mizigo, wanaona ni sehemu nyingine ya kufunguka. Kwahiyo hiyo stika isikupe moyo, piga simu kwa shirika lenyewe kabla hujanunua tiketi, na uulize pia nafasi ya mnyama kama ipo maana kila ndege inachukua wachache.

Kama mnyama anaenda kwenye mizigo unahitaji keji nyingine, yenye mlango wa chuma wa mbele tu, matundu ya hewa pande zote nne, nati na bolti za ukweli sio zile klipu za plastiki, magurudumu yametolewa, na vikombe vya maji na chakula vimefungwa kwa ndani kwa namna ambayo mhudumu anaweza kujaza bila kufungua mlango. Kipimo chake kinachanganya watu ila sio kigumu, pima kutoka puani mpaka shina la mkia, ongeza nusu ya urefu wa mguu kutoka chini mpaka kwenye kiwiko, huo ndo urefu wa ndani. Upana wa mabega zidisha mara mbili. Kimo ni kutoka chini mpaka ncha ya sikio au utosi, kipi kiko juu, akiwa amesimama, na hesabu na unene wa tandiko. Kwa ufupi asimame, ageuke, alale kama anavyolala nyumbani.

Kwa wanaoruhusiwa kukaa na paka kabini, begi laini ndo lenyewe maana linabonyea kidogo likaingia chini ya siti, hii ngumu haiingii. Ila jiandae kwa ukaguzi, begi linapita kwenye mashine likiwa tupu na wewe unapita na paka mkononi, katikati ya watu na makelele yote yale. Mvalishe hanisi kabisa kabla hujatoka nyumbani na kamba yake uizungushe mkononi, na unaweza kuwaomba wakukague kwenye chumba cha pembeni. Paka akikuponyoka uwanja wa ndege ni stori nyingine.

Dawa ya usingizi usimpe kwa kuambiwa na jirani. Zile za kulaza kabisa zinashusha presha na kuvuruga pumzi, na mashirika mengi yanamkataa mnyama aliyelewa dawa. Zipo za kupunguza wasiwasi tu ambazo dokta anaweza kukuandikia, hizo zijaribu nyumbani siku nyingine kabisa uone zinamfanyaje, sio asubuhi ya safari.

Makaratasi nayapitia fasta, kila nchi ina yake. Ukienda nchi za Umoja wa Ulaya kwa mfano chipu ya tarakimu 15 (kale kadude ka utambulisho kanakowekwa chini ya ngozi ya mnyama) inawekwa KWANZA alafu chanjo ya kichaa cha mbwa, ukigeuza chanjo haihesabiki, na baada ya chanjo ya kwanza unasubiri siku 21. Kwa baadhi ya nchi unakotoka kuna kipimo cha damu juu yake, na hicho kinakula miezi, so usikate tiketi kwanza.

Lakini keji hata iwe nzuri vipi, kama inaishi stoo na inatoka siku ya sindano tu, paka ataikimbia akisikia unaiburuza. Hii yangu nimeitoa mlango wa mbele (ukitaka kuutoa mwenyewe unatoka kirahisi, pointi nyingine kwao) inakaa pembeni ya kochi, chakula cha jioni nakiweka humo ndani, mwanzoni mlangoni, alafu nikawa nakisogeza ndani taratibu. Saivi analala humo mwenyewe. Kuna na ile dawa ya kupuliza yenye harufu ya kuwatuliza paka, unapuliza kwenye taulo kama robo saa kabla hujamuingiza ili spiriti yake ipotee, kwa Chui naona inasaidia kiasi, kwa wengine nasikia hamna kitu. Kufunika keji na shuka jepesi kwake kunafanya kazi zaidi, asipoona barabara anatulia, acha tu upande mmoja wazi kwa ajili ya hewa.

Kitu cha mwisho kwa anayeinunua, kwenye boksi hamna nati za akiba na moja ikidondokea kwenye kiti cha gari huipati tena. Chukua mbili tatu za saizi hiyohiyo duka la vifaa, zifunge na selotepu kwa chini ya keji.