Kinga ya umeme nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mtu huenda dukani siku ya pili baada ya televisheni yake kuungua, akaomba "kifaa cha kuzuia radi". Muuzaji anamkabidhi ekstensheni yenye swichi nyekundu inayowaka. Taa ile inaonyesha tu kwamba umeme upo, basi.

Kabla ya kutoa pesa, jua kinachounguza vifaa vyako. Radi moja hubeba mkondo wa kama ampea 30,000, na ikipiga nyumba yenyewe hakuna kidude cha kuchomeka ukutani kitakachoisimamisha. Mara nyingi hupiga mbali, kwenye nguzo au mti, na kinachokufikia kupitia nyaya ni mpigo wa volti maelfu unaopita haraka kuliko kufumba na kufumbua. Tatizo la pili ni umeme unaopanda au kushuka na kubaki hivyo kwa dakika nzima: unaporudi baada ya kukatika, au nyutro (waya wa kurudishia umeme) inapoachia huko nje na nyumba ya volti 230 ikajikuta inapokea karibu 400. Kinachotibu tatizo la kwanza mara nyingi hakigusi la pili, na hapo ndipo watu hupoteza pesa.

Namba moja kwangu hainunuliwi: kuchomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, kwani upenyo wa milimita chache ndani yake radi huuruka. Hesabu sekunde tangu mmweko hadi ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Chomoa wingu likiwa bado mbali. Likishafika juu ya paa, usiguse plagi wala waya. Usisahau waya wa antena, wa dishi na wa ruta. Nimeona televisheni iliyochomolewa vizuri ukutani ikaungua kwa kupitia dishi.

Kama nina pesa ya kitu kimoja tu, naiweka kwenye ethi (waya unaopeleka umeme ardhini) na kinga inayofungwa ndani ya boksi kuu la umeme. Kazi ya kinga hii ni kuufungulia mpigo njia ya kwenda ardhini kabla haujafika sebuleni. Bila ethi nzuri, njia yenyewe haipo. Kwa hiyo mwite fundi umeme apime ethi kwanza, ndipo ununue. Kwenye lebo tafuta "T2", yaani aina ya 2, ambayo hutosha nyumba nyingi. Nyumba yenye fimbo ya radi juu ya paa inahitaji aina ya 1, au iliyounganisha zote mbili. Kwa umeme wa volti 230, Uc (volti za juu ambazo kinga inavumilia muda wote) ya 275 ni ya kawaida, na Up (volti zinazobaki kuvifikia vifaa wakati wa mpigo) iwe kilovolti 1.5 au chini yake: kadiri Up inavyokuwa ndogo, ndivyo vifaa vinavyopata nafuu. Chagua yenye kidirisha kinachogeuka kutoka kijani kuwa chekundu, maana kinga hizi huchoka kwa kila mpigo zinaoumeza na siku moja hufa kimya kimya. Simama karibu na fundi anapofunga. Nyaya za kinga zisizidi nusu mita kwa jumla. Fundi akizizungusha kwa urembo ndani ya boksi, kila mita ya ziada inaweza kuongeza volti elfu moja wakati wa mpigo, na Up nzuri uliyoilipia inakuwa haina maana.

Inayofuata ni ile ambayo wengi huiita friji gadi. Hii ndiyo dawa ya tatizo la pili: volti zikizidi au zikipungua inakata, na umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Kusubiri huko huipa kompresa muda wa kushusha presha. Soma uwezo wake kwa ampea, usiamini picha ya friji iliyo kwenye boksi. Ya televisheni hungoja muda mfupi zaidi, kwa hiyo usiibebeshe friji.

Ekstensheni yenye kinga halisi naiweka ya nne, kama msaidizi wa ile ya kwenye boksi kuu. Lazima iwe na pini ya ethi, na iandikwe idadi ya joule (kipimo cha nishati) inazoweza kumeza; isiyoandikwa joule naichukulia kuwa ekstensheni ya kawaida. Yenye matundu ya waya wa antena na wa intaneti ina faida zaidi. Niliwahi kufungua moja ya bei ya chini, nikakuta kidude kimoja cha bluu chenye ukubwa wa sarafu. Hicho ndicho kilikuwa "kinga" yote.

UPS, yaani boksi lenye betri ya akiba, ni ya kompyuta na ruta, ili usipoteze kazi umeme ukikatika. Kinga iliyomo ndani yake ni ndogo. Usiiunganishe na friji wala printa ya leza.

Stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, inunuliwe tu na mwenye umeme unaokaa chini siku nzima, taa zikififia kila jioni. Mpigo wa radi unakuwa umeshapita kabla haijaanza hata kubadilisha gia.

Na ile ekstensheni ya taa nyekundu? Nunua kama una uhaba wa soketi.